Mwizi wa kompyuta na mwizi wa alama: niliyoyaona chuoni

Katika chuo cha umma nilichosoma hapa Tanzania, aliyeiba simu alipigwa na aliyeiba alama alifichwa. Waliopiga na waliofichana walikuwa watu walewale: usiku walitoka mabwenini na mipini ya mafagio kumkimbiza mwizi, na asubuhi waliingia katika ukumbi wa mtihani wakijua vyema ni nani kati yao ana nondo, yaani karatasi ya kunakilia majibu, mfukoni, wala hakuna aliyefungua kinywa. Chuo chenyewe kiliyashughulikia mambo haya katika ofisi mbili zisizosemezana, wizi kwa Mshauri wa Wanafunzi na udanganyifu kwa kamati ya mitihani, kana kwamba hayana uhusiano wowote. Yalikuwa nao, na uhusiano huo ulipitia katika duka dogo la steshenari lililokuwa ng'ambo ya barabara.

Nimeyatazama mambo haya kutoka pande mbili. Nikiwa mwaka wa pili niliingia katika serikali ya wanafunzi, wizara ya malazi (wanafunzi wa vyuo vyetu wanapenda vyeo vya kiserikali, na hata anayetunza funguo za stoo ya magodoro huitwa Mheshimiwa bila mtu kucheka), na sehemu kubwa ya kazi yangu ikawa kupokea malalamiko ya walioibiwa. Baada ya kuhitimu nilibakizwa chuoni kama mkufunzi msaidizi, nikakabidhiwa kazi ambayo wahadhiri wakubwa huikwepa kila wanapoweza, yaani kusimamia mitihani.

Wizi wa mabwenini ulikuwa na misimu yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, huwapa wanufaika wake fedha za chakula na malazi kwa awamu. Wakati wetu kiwango kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, hivyo malipo ya miezi miwili yalizidi laki tano, fedha ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzishika kwa mara moja kabla ya hapo. Bumu, kama tulivyoziita fedha hizo, likiingia, chuo kizima hubadilika sura: simu mpya, viatu vipya, sabufa zinazotikisa madirisha ya jirani. Mtu angetarajia kwamba wezi nao wangefanya kazi zaidi katika siku hizo. Malalamiko niliyoyapokea hayakuonyesha hivyo. Yaliongezeka bumu lilipochelewa, pale ambapo watu walikuwa wakila mlo mmoja kwa siku huku kompyuta ya jirani ikiwa mezani, na yakaongezeka tena kuelekea mwisho wa mwaka wa masomo, wakati wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapokabidhi tafiti zao. Ongezeko la kwanza lilieleweka bila shida. La pili lilihitaji maelezo, nami sikuyapata hadi nilipokuwa upande wa walimu.

Kuhusu namna vitu vilivyoibwa, hakukuwa na miujiza. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya wanafunzi wanne kilikuwa na wanane, kwa sababu waliokosa nafasi walibebwa na wenzao, na kila aliyebebwa alichongesha ufunguo mtaani. Mlango wenye funguo nane si mlango. Tulipokwenda kukagua vyumba vilivyoibiwa, mara nyingi kitasa kilikuwa kizima, dirisha zima, na mwenye mali alikuwa ametoka kwenda kuoga tu. Hata hivyo lawama zilikwenda kwa watu wa nje: dobi, muuza karanga, mafundi waliokuwa wakipaka rangi. Walinzi wa getini walipekua vikapu vya akina mama wauza matunda, lakini mwanafunzi aliyebeba begi la kompyuta alipita akipungiwa mkono. Maktaba nayo ilikuwa na desturi yake. Mabegi hayakuruhusiwa ndani, kwa hiyo yaliachwa kwenye rafu za nje zisizo na mtu wa kuzilinda, na anayetaka kuiba alikuwa na rafu nzima ya kuchagulia.

Usiku mmoja vijana walimkamata mtu na simu mbili zisizo zake. Kelele za "mwizi!" zilipoanza, bloku nzima ilimwagika chini, na nilipofika alikuwa amelala kwenye sakafu ya korido, amevuliwa shati, damu inamtoka sikioni, na watu walikuwa wakibishana iwapo aitwe polisi au atafutwe mtu mwenye tairi. Polisi wasaidizi wa chuo waliwahi. Walipomwuliza jina ikafahamika kwamba ni mwanafunzi mwenzetu wa mwaka wa tatu, anayeishi katika bloku ya pili, na umati ukapoa kwa namna ambayo sikuipenda, kwa maana ilionyesha kwamba angekuwa kijana wa mtaani tairi lingepatikana.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifunza zaidi. Simu zilikuwa na wenyewe, mtuhumiwa alikuwa amekamatwa nazo mkononi, na wizi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kesi ilipaswa kuwa nyepesi. Lakini kituo cha polisi kilipotoa RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa, na kuhitaji maelezo ya waliomkamata, mashahidi wakayeyuka. Kila aliyeona wizi alikuwa pia ameona kipigo, na wengi walikuwa wameshiriki, hivyo kuandika maelezo ya kwanza kulikuwa ni kujiandikia maelezo ya pili. Askari mmoja wa makamo alituambia waziwazi, "Wanangu, mkishampiga, mnakuwa kesi moja na yeye." Wenye simu walichukua simu zao wakaenda mafunzo ya vitendo mikoani. Yule kijana alitibiwa, akasimamishwa masomo kwa kipindi, akarudi. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuona kesi hata moja ya wizi wa bwenini iliyoanza kwa kipigo ikaishia kwa hukumu, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Kilichosaidia kilikuwa kidogo na cha kuchosha. Tuliwahimiza wanafunzi waandike namba ya IMEI ya simu zao, ile inayotokea ukibonyeza *#06#, kwa kuwa tangu Mamlaka ya Mawasiliano ilipoanzisha rejesta ya namba hizo na kuzima simu bandia mwezi Juni 2016, simu iliyoripotiwa kuibwa inaweza kufungiwa isitumike katika mitandao ya nchini. Kompyuta mpakato haina rejesta ya namna hiyo. Ina namba yake ya kiwandani, ila hakuna anayeifungia. Kwa hiyo tukaweka daftari getini: kila kompyuta inayotoka iandikwe namba, jina la mwenyewe na kitambulisho chake. Wanafunzi walilalamika sana juu ya foleni, wengine wakaandika barua kudai kwamba haki zao zimevunjwa. Wizi wa kompyuta ukapungua, haukwisha.

Katika zile zilizoibwa licha ya daftari, mojawapo ilikuwa ya dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa akimalizia utafiti wake kuhusu vikundi vya kukopeshana vya mama lishe katika Manispaa ya Morogoro. Alikuja ofisini kwetu akiwa hana machozi tena. Hakuuliza sana habari za kompyuta yenyewe, ambayo ilikuwa ya mtumba na betri yake ilikuwa imekufa. Alichotaka ni mafaili. Madodoso aliyoyajaza kwa mkono alikuwa ameyaacha nyumbani kwa shangazi yake, na shangazi, kwa kudhani ni karatasi chakavu, alikuwa amewashia moto wa mkaa. Alikuwa na sura mbili za mwanzo katika barua pepe aliyomtumia msimamizi wake, na hakuwa na kingine chochote. Chuo kilimwongezea muda. Alirudi Morogoro kukusanya data upya kwa fedha za kukopa, akahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Nilikuwa tayari mkufunzi msaidizi pale mhadhiri mmoja wa idara ya jirani aliponiletea utafiti wa mwanafunzi wake akiomba jicho la pili. Ulihusu vikundi vya kukopeshana vya mama lishe jijini Dodoma. Programu ya kupima ufanano haikuwa imeonyesha kitu cha kutisha, na haikuweza kuonyesha, kwa kuwa programu hizo hulinganisha kazi na zile zilizokwisha kuingizwa katika hazina yake, na kazi iliyoibwa kabla ya kukusanywa haimo humo. Kilichomtia shaka ni jedwali moja. Mwandishi alikuwa amebadilisha kila neno Morogoro likawa Dodoma, ila hakugusa majina ya kata, na hivyo mama lishe wa Dodoma wakaonekana wakifanya biashara Kihonda, Mazimbu na Bigwa. Nilikumbuka mada ile. Tukamwomba msimamizi wa yule dada atutafutie barua pepe ya zamani, na sura mbili za mwanzo zikawa zilezile, hadi koma.

Mwanafunzi alipoitwa hakukana kwa muda mrefu. Alisema aliununua kwenye steshenari kwa shilingi laki moja na nusu, na akazungumza kama mtu aliyedhulumiwa: aliahidiwa utafiti mpya, akauziwa uliotumika. Kwake yeye mkosaji alikuwa muuzaji. Tulipomdodosa zaidi tukaelewa biashara ilivyokwenda. Aliyeiba au aliyenunua kompyuta ya wizi huipeleka dukani ifutwe na kuwekewa programu upya, ili mwenyewe asiitambue. Kijana wa dukani, kabla ya kufuta, hunakili kila kitu kwenye diski yake: picha, muziki, filamu, na hasa mafaili ya maneno yenye sura ya kwanza hadi ya tano. Kompyuta yenyewe huuzwa mara moja kwa bei ya kutupa. Yaliyomo ndani yake yanaweza kuuzwa kila mwaka, kwa kubadilisha jina la mji.

Hapo ndipo lile ongezeko la pili la malalamiko liliponielea. Kompyuta ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika mwezi wa kukusanya tafiti ilikuwa na thamani kuliko ya mwaka wa kwanza, hata kama ilikuwa mbovu zaidi. Sitaki kusema kwamba kila mwizi alilijua hilo. Wengi waliiba kwa njaa na kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Lakini wanunuzi walijua, na wizi hufuata mnunuzi. Wale wanafunzi waliokuwa wakiwapiga wezi usiku walikuwa wateja wa duka lilelile. Walinunua humo ripoti za mafunzo ya vitendo zenye mihuri ya ofisi ambazo hawakuwahi kuzikanyaga, na kazi za vikundi zenye majina ya watu ambao hawakuwahi kuhudhuria kikundi.

Katika ukumbi wa mtihani nilikutana na upande mwingine wa jambo hilihili. Kwa kanuni zetu kazi za muhula zilibeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo mtihani huo, tuliouita UE, ndio ulioamua nani anafaulu, nani anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na nani anadisko, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli. Njia za udanganyifu zilikuwa za kale na za kisasa kwa pamoja: karatasi zilizokunjwa mara nyingi ndani ya kifuniko cha kikokotoo, maandishi kwenye mapaja, simu iliyofichwa chooni nyuma ya ndoo, na mara chache mamluki, yaani mtu anayeingia kufanya mtihani kwa jina la mwingine. Mamluki ndiye aliyekuwa rahisi kumkamata, kwa kutazama tu picha ya kitambulisho bila haraka, na ndiye aliyekamatwa mara chache zaidi, kwa kuwa ukumbi wa watu mia tatu ulikuwa na wasimamizi wanne na muda wa kukagua vitambulisho ulikuwa ni dakika kumi za mwanzo.

Utaratibu wa kumkamata mtu uliandikwa vizuri. Unachukua kidhibiti, mtahiniwa anajaza fomu ya maelezo, wote wawili mnasaini juu ya kidhibiti chenyewe, unaandika saa, kisha unampa kijitabu kipya aendelee na mtihani wake, maana hujamhukumu. Adhabu ya kukutwa na karatasi isiyoruhusiwa, iwe imetumika au haijatumika, ilikuwa kufukuzwa chuo. Ukali huo ndio ulioharibu kazi. Wenzangu, watu waadilifu kabisa katika mambo mengine, waliona nondo wakageuza uso. Mmoja aliniambia, "Kaka, huyu dogo anasomeshwa na mama muuza maandazi. Wewe unataka umfukuze kwa karatasi ya ukubwa wa kiganja?" Kwa hiyo wengi walinyang'anya karatasi, wakaitupa, wakampiga jicho mtahiniwa na kuendelea kutembea. Mwenye nondo alijifunza kwamba akikamatwa atapoteza nondo tu. Mtu mmoja kati ya wengi, aliyeangukia mikononi mwa msimamizi mgumu, alifukuzwa, na wenzake wakaona ameonewa, na kwa kweli alikuwa ameonewa kwa maana kwamba yeye peke yake ndiye aliyepewa adhabu iliyoandikwa.

Mimi nilijaza fomu kila nilipokamata, na sikupendwa. Kijana mmoja aliinama mbele ya meza yangu akanong'ona, "Mwalimu, naomba tuyamalize hapahapa," na mkono wake ulikuwa tayari mfukoni. Nilimjazia fomu ya pili kwa ajili ya mkono ule. Msimamo wangu, ambao niliutetea katika kikao cha idara na kushindwa, ulikuwa kwamba adhabu ipunguzwe na iwe ya ngazi: kufutiwa somo hilo kwa kosa la kwanza, kurudia mwaka kwa kosa la pili, kufukuzwa kwa mamluki na kwa anayeuza mtihani, lakini kila anayekamatwa aadhibiwe bila kuachwa hata mmoja. Waliopinga walisema nitakuwa nimehalalisha udanganyifu. Niliwatajia Kenya. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata daraja A katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 2016, baada ya bodi ya baraza la mitihani kuvunjwa, na karatasi kuanza kutunzwa katika makontena yenye kufuli zinazofunguliwa asubuhi ya mtihani mbele ya wahusika, waliopata daraja hilo walikuwa 141. Vijana hawakugeuka wajinga katika miezi kumi na miwili, wala hawakuhubiriwa zaidi ya miaka ya nyuma.

Haki inanitaka niseme pia kwamba alama haziibwi na wanafunzi peke yao. Mhadhiri anayerudia mtihani uleule mwaka hadi mwaka ameshauvujisha, hata kama hakumpa mtu karatasi. Mhadhiri anayedai ngono kwa ajili ya alama anatenda kosa lililotajwa wazi katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na katika korido zetu majina ya namna hiyo yalijulikana kwa wanafunzi wa kike kabla hawajamaliza wiki ya kwanza. Mwanafunzi anayejua hayo husikiliza hotuba za maadili kwa sikio moja.

Yule aliyenunua utafiti wa Dodoma alifukuzwa. Mwizi wa kompyuta hakujulikana kamwe. Mwenye duka hakushtakiwa, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtu hata kabla haijachapishwa. Mwanasheria wa chuo alisema mwenye kazi ndiye anayepaswa kulalamika, na yule dada, tulipompigia simu, alikuwa na mtoto mchanga na ajira ya muda katika halmashauri moja ya kusini, akatuambia kwa upole kwamba hana nauli ya kuja kutafuta haki ya mwaka uliopita.

Idara yetu iliamua mambo matatu madogo. Mwanafunzi alete madodoso yaliyojazwa kwa mkono wakati wa kukusanya utafiti, msimamizi asaini daftari la maendeleo kila anapokutana naye, na kila mtu atetee kazi yake kwa mdomo mbele ya walimu wawili. La tatu lilipingwa kwa sababu ya wingi wa wanafunzi, na kweli linachosha. Lakini dakika kumi na tano za maswali zinatosha kumtambua mtu ambaye hajawahi kuisoma sura yake ya nne, awe ameinunua kwa laki moja na nusu au, kama ilivyo tangu mwisho wa mwaka 2022, ameandikiwa bure na ChatGPT. Bei za tafiti dukani zimeshuka tangu hapo, kwa sababu zote mbili.

Duka lenyewe lipo. Nilipita mwezi wa tano kutoa nakala za mitihani ya majaribio, nikaona bango jipya limebandikwa juu ya mashine, chini ya lile la picha za pasipoti na maombi ya mkopo: "Tunaandaa wanafunzi kwa utetezi wa utafiti, maswali na majibu, shilingi 30,000." Nilimwuliza kijana wa dukani maswali hayo anayapata wapi. Alinitazama kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo mwalimu. Si mnayauliza nyinyi wenyewe kila mwaka?"